Salme Pihlak, Aliyekataa Mnara Unyamaze

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Leo hatuanzi na muziki. Sikilizeni kwanza hii.

Taa-ti-taa. Taa-ti-ti. Taa-ti-taa. Taa-ti-ti.

Msizigonge redio zenu, hazijaharibika. Hiyo ni sauti ya mnara wetu wa Kadrilaid, ule wa pale malishoni, nyuma ya uwanja wa ndege. Tumeirekodi leo asubuhi. Mmeisikia maisha yenu yote, na wengi wenu hamjawahi kuisikiliza. Aliyeisikiliza ni mtu mmoja, na mtu huyo hatunaye tena.

Salme Pihlak alifariki dunia Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Narudia kwa wale ambao ndiyo kwanza wanafungua redio. Salme Pihlak, mtunza mnara wa Kadrilaid, ametutoka. Nusu saa hii ni yake.

Salme alizaliwa hapa hapa kisiwani, binti wa mhunzi. Mnakumbuka enzi zile. Pwani yetu ilikuwa mpaka wa dola kubwa, na ili kumtembelea shangazi yako ulihitaji kibali. Kila kitu chenye waya kilitazamwa kwa wasiwasi. Sasa binti wa mhunzi ndiye aliyeamua kupenda nyaya. Baba yake alimwuliza kwa nini asijifunze kushona kama wenzake. Akajibu, "Baba, cherehani haiongei." Akaenda Tallinn, akasomea ufundi wa redio, akarudi na sanduku la mbao na miwani. Akakabidhiwa mnara.

Mnara wenyewe si wa kutisha. Ni mlingoti wa chuma wenye kibanda cha matofali miguuni. Kazi yake ni moja tu: kutaja jina lake. Herufi mbili kwa milio, K ni taa-ti-taa na D ni taa-ti-ti, mchana na usiku, kiangazi na baridi. Ndani ya ndege kuna mshale, na mshale ule hugeukia upande sauti inakotoka. Rubani akiufuata, anafika Kadrilaid. Basi. Hakuna ramani ya rangi wala kioo.

Binti yake, Külli, ametuambia kwamba wao nyumbani hawakuitwa kula kwa majina. "Mama alisimama mlangoni akapiga mluzi, taa-ti-taa, taa-ti-ti," anasema Külli. "Tukiwa mbali kule kwenye vichaka vya mireteni, tulijua nyumba iko wapi. Nilienda shule nikashangaa kuona watoto wengine wanaitwa kwa maneno."

Kisha zikaja setilaiti. Uhuru ulikuwa umesharudi, bendera yetu imepanda, na kila mtu alitaka vitu vipya. Mnakumbuka, hata sisi hapa studio tulitupa mashine nzuri kabisa. Ndege zikafungwa vifaa vinavyomwonyesha rubani mahali alipo kwa kusikiliza setilaiti, na mahali penyewe ni sahihi ajabu. Minara kama wetu ikaanza kuzimwa, mmoja baada ya mwingine, pwani nzima. Watu wakamwambia Salme, mama, hicho ni chuma chakavu, pumzika.

Hakuzichukia setilaiti. Hilo nataka lieleweke, maana kuna wanaosimulia kama vile alikuwa bibi mkaidi aliyegombana na dunia. Alikuwa nayo hiyo ramani ya simu, na aliitumia kutafutia uyoga. Alichosema ni hiki: sauti ya setilaiti inatoka mbali mno, ikitufikia huku chini imechoka. Mtu mwenye mtambo wa kelele anaweza kuizima. Mtu mwenye hila zaidi anaweza kuiigiza, na rubani akaamini yuko mahali asipokuwepo. "Mimi sisemi tuiache," alimwambia diwani mmoja pale dukani, akiwa ameshika mkate wake mweusi kwapani. "Nasema tuwe na nyingine. Wewe una mguu mmoja?"

Diwani akasema ana miwili. "Basi," akasema Salme, akalipia mkate.

Wasikilizaji wapendwa, sasa niwapeleke kwenye kiangazi kile ambacho mnara ulikaribia kufa. Wengi wenu mlikuwepo. Na wengi wenu, samahani, mlikuwa washtakiwa.

Kila baada ya muda hupita ndege ya ukaguzi. Inazunguka kisiwa, inapima sauti ya mnara, inaondoka. Mwaka ule mkaguzi alikuwa Tarvo Lepmets, kijana mpole mwenye sauti ya kunong'ona. Ndege ilitua, Lepmets akatembea hadi jikoni kwa Salme, akavua kofia.

"Mama Pihlak," akasema, "mnara wako una kigugumizi."

"Kigugumizi unacho wewe."

"Kuna mgongano ndani ya sauti. Tik, tik, tik. Mshale unarukaruka. Siwezi kumpa rubani kitu kinachorukaruka, mama."

"Mnara huu umeongea vizuri kabla wewe hujaota jino!"

"Inawezekana. Leo hauongei vizuri."

Lepmets akamweleza utaratibu. Ndege itarudi vuli. Kama kigugumizi kitakuwa kingalipo, mnara utazimwa na hautawashwa tena. Salme akamfungulia mlango. Lepmets akatoka katika nyumba ya Kadrilaid bila kunywa kahawa. Nyinyi mnajua maana yake. Hapa kwetu hata mtoza ushuru hunywa kahawa.

Kiangazi kile Salme hakulala vizuri. Alifungua mtambo akaufunga, akaufungua tena. Akabadilisha vipuri, akaviomba vingine bara, akasafisha kila kiungo kwa mswaki. Aliweka sikio kwenye redio yake ndogo, na kweli, kwa mbali, tik, tik, tik. Lepmets hakudanganya. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akasema mtambo umezeeka. Akasema ni unyevu. Usiku mmoja alimwambia Külli kwenye simu, huku analia, kwamba labda yeye mwenyewe ndiye aliyezeeka.

Kosa lake lilikuwa moja. Alitafuta ugonjwa ndani ya chuma. Hakutafuta kwa watu.

Jumamosi moja mwezi wa Agosti alikwenda kuoga mvuke kwenye sauna ya mdogo wake, Õie. Õie ameolewa na Endel Raudsik, na Endel mnamfahamu, mwenye kondoo wengi na maneno mengi zaidi. Siku ile Endel alikuwa kwenye benchi la juu, mwekundu kama bitiruti iliyomenywa, anajisifu.

"Shemeji, mwaka huu sijapoteza hata kondoo mmoja! Uzio wangu wa umeme unapiga kama radi. Hata Jemadari hausogelei."

Jemadari ni yule kondoo dume wake, ambaye kila kiangazi alivunja uzio akala kabichi za Salme. Na ni kweli, mwaka ule kabichi zilikuwa zimesimama. Salme akaanza kufikiri. Ili uzio wa umeme upige, ni lazima waya mmoja uingie ardhini. Sasa malisho ya Endel ni mwamba mtupu. Udongo wake haufiki kiganja. Miaka yote alipigilia chuma, chuma kikapinda, uzio ukawa dhaifu na Jemadari akala kabichi.

"Endel," akasema Salme taratibu, "waya wa ardhini umeupeleka wapi?"

Endel akachota maji akayamwaga kwenye mawe ya moto. Mvuke ukapanda.

"Endel."

"Aa, shemeji, kuna kijiwaya cha shaba kilikuwa kimetokeza pale kwenye ukuta wa mawe. Kimelala tu, hakina mwenyewe. Nikasema..."

Hakumaliza. Kuzunguka mlingoti wetu, chini ya majani ya malisho, zimelala nyaya za shaba, zimetawanyika kila upande kama miale. Ndizo miguu ya mnara. Bila hizo sauti haiendi popote. Na kwenye kisiwa chetu hiki cha mawe hakuna ardhi nzuri ya umeme kuliko hiyo. Endel alikuwa ameifunga fensi yake kwenye mguu wa mnara. Kila umeme wa fensi ulipopiga, mnara ulisema tik.

Walioshuhudia wanasema Salme alitoka sauna amejifunga taulo, akaingiza miguu kwenye mabuti ya Endel, akakatiza mireteni moja kwa moja kuelekea malishoni huku akifuka mvuke. Endel nyuma yake, anaomba msamaha, naye kwa taulo. Salme akang'oa kibano kilichoshika waya wa uzio. Akachukua redio yake ndogo kibandani, akasikiliza. Tik bado ipo. Imepungua, lakini ipo.

Akageuka. "Endel Raudsik. Umemwambia nani mwingine?"

Endel akatazama mabuti yake yaliyokuwa miguuni kwa mwenzake. "Shemeji, mtu akikuuliza siri ya uzio mzuri utamnyima?"

Karibu kila mwenye kondoo upande wa kaskazini alikuwa amejiunga. Sitaji majina. Mnajijua, na wawili kati yenu mko kwenye bodi ya redio hii.

Hapa, wapendwa, ndipo mwingine angeita polisi. Alikuwa na haki. Lakini nyaya zikikatwa, uzio unakufa, na kondoo wako njiani kuelekea mashamba ya majirani kabla ya kunyolewa vuli. Salme alilala na hasira hiyo, akaamka nayo, halafu akapita nyumba kwa nyumba. Hakutukana. Aliitisha msaragambo.

Nanyi mlikuja. Mlikuja na misumeno, na reki, na majembe. Mlikata mireteni iliyokuwa imemea juu ya miguu ya mnara. Mliunganisha shaba mliyoikata wenyewe. Kisha Salme akawaonyesha njia ya kuwatosheleza kondoo bila kumkanyaga mnara: waya mmoja wa pamoja, mbali na malisho yale, mpaka baharini, ukafungwe kwenye mabati yaliyozama majini. Maji ya chumvi ni ardhi nzuri kuliko mwamba. Õie alipika supu ya njegere kwenye sufuria ya harusi. Endel alibeba mabati yote ya baharini yeye peke yake, na maji yalikuwa ya baridi, na hakuna aliyemwonea huruma.

"Endel, hapo hapajafika," Salme alimwita kutoka ufukweni.

"Shemeji, yamenifika kifuani!"

"Maneno yako nayo yangeishia kifuani tungekuwa na amani. Songa!"

Vuli, ndege ya ukaguzi ikarudi. Ikazunguka. Ikatua. Lepmets akatembea hadi jikoni, akavua kofia, akabaki mlangoni kwa tahadhari.

"Haurukiruki," akasema.

Salme akavuta kiti. "Bwana Lepmets, ulisema kweli nami nikakutukana. Kaa hapa. Kuna kahawa, na kuna keki ya tufaha. Hutoki mpaka umalize sahani."

Lepmets alitupigia simu jana. Anasema alipewa sahani ya pili na hakuthubutu kukataa. Anasema pia kwamba katika ripoti yake aliomba mnara wa Kadrilaid usizimwe, ubaki kama tegemeo siku setilaiti zikishindwa. Ukabaki.

Sasa nafika mahali pagumu kusimulia. Mtanivumilia.

Ilikuwa Machi, miaka michache baadaye. Mnaujua Machi wetu. Barafu ya bahari ni nene mno kwa mashua, na ni laini mno kwa gari. Hatwendi bara, bara haiji kwetu. Njia ni ya hewani tu. Mchana mmoja Õie alianguka jikoni. Mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukafa. Muuguzi wetu akasema ni kiharusi, na kwamba asipofikishwa hospitali mchana huo huo, tutampoteza, au tutabaki na nusu yake.

Ndege ya wagonjwa ikaruka kutoka bara. Wingu lilikuwa limeshuka, theluji ya majimaji inaanguka. Na katikati ya bahari setilaiti zikapotea. Hazikuzimika tu. Ziliigizwa. Rubani, mama mmoja anayeitwa Reelika, ametusimulia mwenyewe: "Kioo kiliniambia niko juu ya ziwa moja huko bara, upande wa pili kabisa wa nchi. Nikaangalia chini, naona weupe mtupu. Nikazima kioo. Nikawasha mshale wa zamani."

Mshale ulimwonyesha Kadrilaid. Kisha ukalegea. Kisha ukageuka tena. Kisha ukalegea.

Huku chini Salme alikuwa ameshajua. Theluji ile ya majimaji ilikuwa inaganda kwenye mlingoti, na mlingoti ukivaa barafu, mtambo haupatani nao tena. Unajizima wenyewe kujilinda. Dawa ni mtu kusimama kibandani, mkono kwenye kitasa cha mtambo, akiurekebisha kila barafu inapoongezeka. Si mara moja. Muda wote.

Endel alifika pale kibandani anakimbia, bila kofia, machozi yameganda usoni.

"Shemeji, njoo! Anakuita. Hawezi kusema vizuri, lakini anakuita wewe. Njoo umshike mkono dada yako!"

Salme hakugeuka. Sikio kwenye redio, mkono kwenye kitasa.

"Mshike wewe, Endel. Mimi namshika huku."

"Akifa bila kukuona?"

"Nikitoka hapa, atakufa ananiona. Nenda!"

Endel akaenda. Salme akabaki. Alituambia baadaye, katika studio hii hii, kwamba hajawahi kuogopa kama siku ile, na kwamba kila alipotaka kukimbilia kwa mdogo wake aliuma ulimi. Barafu iliongezeka, akageuza kitasa. Ikaanguka kipande, akarudisha. Taa-ti-taa. Taa-ti-ti. Mnara haukunyamaza tena. Reelika anasema mshale ulikuja ukasimama, haukutikisika, na alipotoka chini ya wingu uwanja ulikuwa mbele ya pua yake. Wanaume walikuwa wamesimama pande mbili za uwanja na mataa ya kondoo, yale ya zizini.

Õie alipelekwa. Õie alipona. Anatembea kwa fimbo, anapika supu, na anamgombeza Endel kwa mkono wa kushoto. Salme hakumwona akiondoka. Alikuwa bado kibandani, maana ndege iliyoruka nayo ilihitaji kujua nyuma yake ni wapi.

Baada ya siku ile hakuna aliyeuita mnara chuma chakavu. Salme aliendelea kuutunza mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Ndipo akamwita Külli, akamfundisha kitasa. Külli ameacha kazi bara, amerudi. Yeye ndiye mtunza mnara sasa. Narudia, maana nimeulizwa sana wiki hii: mnara una mtu. Mtu huyo ni Külli Pihlak.

Tulizungumza na Õie jana. Maneno yake huja taratibu tangu ugonjwa ule, na tulimsubiri. Akasema: "Watu wananiambia pole, dada yako hakuja kukushika mkono siku ile. Mimi nilikuwa nimefungwa kwenye machela, ndani ya ndege. Rubani alikuwa amefungua sauti ya mnara. Nikaisikia. Ni mluzi wa dada yangu. Nikajua yuko wapi."

Kwa niaba ya redio hii ya visiwa, tunatoa pole kwa Külli na wanawe, kwa Õie na Endel, kwa ukoo wote wa Pihlak na Raudsik, na kwa marubani wote waliowahi kumfuata bila kumwona. Mazishi ni kesho, makaburi ya kanisa, baada ya ibada ya mchana. Njooni na matawi ya mireteni, kama tulivyozoea.

Nanyi mnaonisikiliza, tafakarini jambo moja jioni ya leo. Katika nyumba yako, katika kazi yako, kitu unachokitegemea kikinyamaza ghafla, una kingine? Na kama unacho, nani anakitunza? Na umekanyaga mguu wake bila kujua? Usilale na swali hilo. Msaragambo wa malishoni ni Jumamosi. Mireteni imemea tena. Endel ameniomba niwaambie kwamba yeye ataingia majini kuangalia mabati, na hataki mwingine.

Kwa kawaida tunamuaga marehemu kwa dakika ya ukimya. Salme alikataza. Alimwambia Külli, "Mkininyamazia nitadhani mnara umezimika, nitaamka nije niwagombeze." Kwa hiyo hatunyamazi. Külli yuko kibandani wakati huu, moja kwa moja, na ametufungulia kipaza sauti. Zimeni majiko, nyamazisheni mbwa. Õie, ongeza sauti ya redio yako, mama. Ni yeye anaita.

Taa-ti-taa. Taa-ti-ti.